Mkono wa Kushoto wa Okeyo

Mteja akija dukani kwangu hapa Riruta Satellite akilalamika kwamba klachi yake imekuwa ngumu, humwambia anipe mkono wake wa kushoto kabla sijashika spana. Nampa vidole vyangu viwili abane kwa nguvu zake zote. Vijana wa boda boda hucheka mpaka wanashika mbavu. Mmoja aliniambia, "Mathe, mgonjwa si mimi, ni pikipiki." Nikamwambia abane, aache maneno. Akibana nikaumia, kazi inaanza. Akibana nisiumie, pikipiki yake siigusi. Namwambia aende hospitali kwanza, klachi itangoja. Nimepoteza wateja kwa ajili ya tabia hii, na wenzangu wa ufundi wanasema nimeanza kuzeeka vibaya. Wakiniuliza nilijifunzia wapi, huwajibu kwamba ni hospitalini, nao hudhani nawatania.

Alhamisi iliyopita Achieng' alinipigia simu kuniambia kwamba mumewe, Okeyo, amepumzika. Hakulia. Alisema watampeleka nyumbani upande wa ziwa, lakini kabla ya hapo kutakuwa na ibada kwao Silanga, kule Kibera, na kwamba watu wa kanisa wataongea, na majirani wa ploti wataongea, lakini yeye anataka fundi wa Okeyo pia aongee. "Wewe ndiye alikuwa anataja kila saa," aliniambia. Nilikubali kabla sijafikiri. Nilipokata simu nilibaki nimeketi kwenye kiti cha pikipiki ya mtu, mikono imejaa grisi, nikiogopa kama msichana, kwa sababu kuna mambo ya mwaka ule ambayo sijawahi kumwambia yeyote.

Mwaka wenyewe ulikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Jinsi msichana kutoka Machakos alivyoingia katika ufundi wa pikipiki nitaiacha, maana hadithi hiyo imejaa wajomba na haiishi. Nilikuwa nimekodi nusu ya kibanda cha mabati Gatina, huko Kawangware. Nusu nyingine ilikuwa ya Mama Njoki, aliyeuza chai na githeri, na kati yetu kulikuwa na gunia tu, kwa hivyo chai yake ilinuka petroli na petroli yangu ilinuka chai. Nilikuwa na spana, nyundo, mashine ya kukazia kebo, na tangu Januari sikuwa na mteja hata mmoja wa maana. Watu waliniletea baiskeli. Wenye pikipiki, na siku hizo hawakuwa wengi, walipita mbele yangu wakaenda hatua mia mbili mbele kwa Mzee Wekesa, ambaye alikuwa ametengeneza pikipiki Kawangware tangu kabla sijazaliwa. Wengine walisimama kuniuliza njia ya kwenda kwake, nami niliwaelekeza.

Okeyo alikuja mwezi wa tatu. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mrefu, na alifanya kazi na maabara moja ya kusafisha picha mjini. Kazi yake ilikuwa kuzunguka studio za Kibera na Kawangware akikusanya filamu, kuzipeleka mjini, na kurudisha picha zikiwa kwenye bahasha. Harusi zote za huku, ubatizo wote, mazishi yote yalipita kwenye begi lake. Alisimamisha pikipiki mbele ya kibanda changu, akanisalimia, "Niaje, fundi," bila kicheko chochote, nami nusura nigeuke nione fundi anayeambiwa ni nani.

"Hii klachi imekuwa ngumu sana," alisema. "Nataka uifanye ikuwe laini."

"Hukupitia kwa Mzee Wekesa?" nilimuuliza, mjinga mimi.

"Huyo mzee anaongea mingi. Mimi nataka fundi wa kufanya kazi."

Maneno hayo niliyala kama nyama. Upande wa pili wa gunia Mama Njoki aliwaambia wateja wake wa chai, kwa sauti ambayo hata Wekesa angeisikia, kwamba leo Ndinda, yaani mimi, amepata mtu, na waliokuwa wakimcheka waje waone. Niliinamia ile pikipiki kwa furaha.

Klachi ngumu huulizwa maswali machache tu. Unaichomoa kebo upande wa injini, halafu unavuta leva, kile kishikio cha mkono wa kushoto: ikiwa bado ni ngumu, ubaya uko kwenye kebo, imekauka au imekunjika mahali. Ikiwa inateleza, kebo ni nzima, na unakwenda chini kwenye injini kusukuma ule mkono mdogo wa chuma unaofungua klachi, usikie kama springi zimekaza kupita kiasi au kuna kitu kimekwama. Nilifanya yote. Kebo iliteleza. Springi zilikuwa za kawaida. Nikairudisha, nikapanda, nikavuta leva kwa vidole viwili, na ikaja vizuri kabisa. Pikipiki ile haikuwa na ubaya wowote. Ningemwambia hivyo, lakini mafundi wa huku tuna desturi moja ambayo hakuna anayeiandika ukutani: mteja aliyekuja na ubaya lazima aondoke na ubaya uliopatikana. Ukimwambia hakuna kitu, atasema hukuona, na kesho yuko kwa mwenzako. Basi nilimimina mafuta kwenye kebo, nikarekebisha skrubu ya juu mpaka leva ikabaki na uchezaji wa unene wa sarafu kabla ya kuanza kuvuta, nikafuta mikono, nikamwambia, "Ilikuwa kebo." Alijaribu, akatabasamu, akasema iko sawa kabisa. Nadhani naye alitaka sana iwe kebo.

Alirudi baada ya wiki tatu, mvua zikiwa zimeanza, na klachi ilikuwa ngumu tena. Nikamwekea kebo mpya. Mwezi wa tano akarudi. Nikafungua injini, nikatoa springi nne zilizokuwamo nikaweka nyingine laini kutoka kwenye pikipiki ndogo, nikamweleza kwamba sasa pleti za klachi hazitashikana kwa nguvu kama zamani, na kwamba akisikia injini inalia na pikipiki haikimbii, hasa kwenye mlima, apunguze moto. Alisikiliza kwa makini, akakubali kila kitu. Sikuwa nimeona mtu anayekubali haraka hivyo pikipiki yake ifanywe dhaifu. Siku zile nilikuwa nikitembea nimeinua kidevu. Mzee Wekesa alipopita na kikapu chake cha mboga alisimama, akaitazama pikipiki ya Okeyo, akaniuliza, "Yule wa picha bado anakuja kwako?"

"Anakuja, mzee."

"Na wewe unamtengenezea?"

"Namtengenezea."

Akatikisa kichwa, akasema, "Haya, mama," akaenda zake. Nilimwambia Mama Njoki kwamba mzee ana wivu, tukacheka.

Mwezi wa saba Okeyo alinialika kwao Silanga, Jumapili baada ya kanisa. Chumba chao nakikumbuka kuliko vyumba vingi nilivyolala mwenyewe. Kuta zilikuwa za udongo, na Okeyo alikuwa amezifunika zote, kutoka sakafuni hadi kwenye mabati, kwa picha zilizoharibika, zile ambazo maabara ilizitupa. Kulikuwa na maharusi wa rangi ya kijani. Kulikuwa na mchungaji aliyekatwa kichwa na ukingo wa filamu, watoto wawili juu ya jeneza kwa sababu mpigaji alisahau kuzungusha filamu, na mwanamke mmoja aliyetokea mara sita, kila mara akiwa mwekundu zaidi. Zilizuia upepo vizuri. Lakini ulipoketi na sahani ya ugali, omena na kunde mapajani, uliona unatazamwa na watu wa mtaa mzima ambao kitu fulani kiliwaendea vibaya, na hamu ya kula ilikupungukia. Achieng' alileta beseni la kunawa. Mimi nilinawa mikono miwili. Okeyo alinawa wa kulia tu. Wa kushoto ulikuwa umelala pajani mwake, na Achieng' aliuchukua akauosha yeye, kidole kwa kidole, akiendelea kuniuliza habari za Kawangware.

Niliona. Sitaki kusema kwamba sikuona. Baadaye nilitoka kwenda msalani, na niliporudi nilisimama nje ya pazia kwa sababu walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini.

"Hicho ni kikombe cha tatu unavunja wiki hii," Achieng' alisema.

"Ni baridi. Si unajua hii mwezi."

"Baridi ya mkono mmoja?"

"Nisiendeshe, basi? Wale watu wa picha wana vijana kumi wanangojea hiyo pikipiki. Tutakula hizo picha za ukuta?"

Nilikohoa, nikaingia, tukanywa chai. Njiani kurudi Gatina nilijiambia ya nyumba ya mtu ni yake. Mama Njoki, ambaye alikuwa akimpa Okeyo chai kila akija kwangu, alikuwa ameniambia mapema zaidi: "Ndinda, huyo mtu wako ana shida. Hebu angalia anavyoshika kikombe." Nami nilimjibu kwa ule mdomo wangu wa siku zile, "Mimi natengeneza pikipiki, sitengenezi watu." Wateja wa chai walicheka, na nikaupenda msemo wangu, nikaurudia mara kadhaa.

Mwezi wa nane aliniomba jambo la mwisho. Alitaka leva iwe nyepesi kiasi cha kuvutwa na mtoto. Njia ya kufanya hivyo ipo, na niliijua. Ule mkono mdogo wa chuma kwenye injini ukiurefusha, nguvu inayohitajika juu inapungua. Nilimpelekea mchomeleaji, akauongeza urefu wa vidole viwili. Leva ikawa nyepesi ajabu. Lakini mkono ukiwa mrefu, kebo ileile inausogeza kidogo tu, na klachi haifunguki yote. Unavuta leva mpaka mwisho na bado pikipiki inataka kwenda, inakusukuma pole pole kama ng'ombe anayetaka kutoka zizini. Na klachi inayoburuta hivyo hukunyima nyutro, ile hali ya kutokuwa na gia, pale unapoihitaji, umesimama, unaipigapiga gia kwa mguu na haikubali. Nilimweleza yote.

"Ukikaribia kusimama, tafuta nyutro kabla haujasimama," nilimwambia. "Ukishasimama hutaipata."

"Nimeshika hiyo."

"Okeyo, hii si klachi tena. Hii ni kitu ingine."

"Nyar Kamba," alisema, maana ndivyo alivyoniita tangu mwanzo, binti wa Wakamba, "wewe ndio fundi pekee Nairobi hii yote ananielewa."

Maneno matamu yalininyamazisha kwa urahisi hivyo. Na mwezi wa tisa nilipomwona amefunga kitanzi cha mpira wa tyubu kwenye leva, apitishe kifundo cha mkono na kuvuta kwa bega badala ya vidole, sikumuuliza ni kwa nini. Nilikitazama kile kitanzi, nikaona kimekatwa vibaya, kitachanika. Nikachukua kisu nikamkatia kingine kizuri zaidi, nikakishona kwa uzi wa viatu.

Ajali ilitokea mchana wa jua kali, kwenye makutano ya Barabara ya Ngong. Mwenye studio mmoja alikuja mbio kuniita. Nilipofika nilikuta barabara imejaa picha. Begi lilikuwa limepasuka, na watu walikuwa wakiziokota kutoka kwenye lami na kuzipanga kando ya njia, kila moja na kijiwe juu yake zisipeperushwe: bibi harusi na kijiwe, kwaya na kijiwe, mtoto wa siku arobaini na kijiwe. Okeyo alikuwa amelazwa kwenye kivuli cha lori lililomgonga, mguu umegeuka upande usio wake, macho wazi. Dereva wa lori alikuwa akimweleza kila aliyefika, huku akikaribia kulia, kwamba pikipiki ilikuwa imesimama, aliiona imesimama kabisa, halafu ikaruka yenyewe mbele yake.

Mimi nilielewa. Alikuwa amesimama na gia, amekosa nyutro, ameshikilia leva kwa kile kitanzi mpaka bega likachoka. Na hapa ndipo niseme lile ambalo sijawahi kusema. Sikumwendea Okeyo kwanza. Niliiendea pikipiki. Nilipiga magoti kama mtu anayekagua uharibifu, nikakifungua kitanzi kutoka kwenye leva, nikakitia mfukoni kabla polisi hawajafika. Ndipo nikaenda kumshika kichwa.

Hospitalini nilikuwa nimesimama karibu na kitanda na chupa ya uji mkononi wakati daktari mmoja kijana, aliyekuja kuangalia mguu, alipouona mkono wa kushoto ukiwa umelala kwenye shuka. Akampa Okeyo vidole viwili. "Bana," akamwambia. Okeyo akabana. Niliona shingo yake ikikakamaa kwa juhudi, na vile vidole havikusogea.

"Imekuwa hivi tangu lini?"

Okeyo alinitazama mimi. "Tangu juzi," alisema.

"Hii si ya juzi," daktari alisema. Walimpiga picha, za aina ile nyingine, wakakuta uvimbe shingoni uliokuwa ukibana mishipa ya mkono. Walimpasua. Siku chache baadaye nilimsikia daktari yuleyule akimwambia Achieng' kwenye korido kwamba kama angeletwa miezi sita nyuma wangeuokoa mkono, na pengine na hayo mengine yatakayokuja. Miezi sita. Nilihesabu nikiwa nimeegemea ukuta. Kebo, kebo mpya, springi, mkono wa chuma, kitanzi. Mwili wake ulikuwa ukimwonya kila asubuhi akivuta leva, na kila alipokaribia kuusikia, alikuja kwangu nami nikapunguza sauti.

Yaliyokuja yalikuja. Mkono haukurudi, na baada ya miaka kadhaa miguu ikaanza kulegea. Okeyo aliuza makaa kwenye mlango wa nyumba yake Silanga, akiwa ameketi, kwa miaka mingi kuliko daktari alivyotarajia. Nilikwenda kila mwezi. Nilipeleka unga, tuliongea habari za injini, na hatukuzungumzia klachi hata siku moja. Wageni wakija aliwaambia kwa fahari, "Huyu ndiye fundi wangu. Nilipita mafundi wote nikamchagua yeye." Kwa hayo nilipona kidogo kila mwezi. Dukani kwangu kuna picha aliyotupigisha sisi wawili mwaka ule mbele ya pikipiki, na nimewaonyesha wateja wengi: huyu ndiye aliyeniamini kwanza, wakati hakuna mwanamume aliyekubali kuniachia pikipiki yake. Katika picha hiyo mkono wake wa kushoto uko mfukoni.

Jumamosi nilikwenda kumwona Achieng'. Kuta sasa ni za mabati mapya, lakini juu ya kitanda amebakisha wale maharusi wa kijani. Alinipa chai, tukaketi. Nilikuwa nimeamua kumwambia kila kitu kabla ya ibada, na nikaanza.

"Achieng', ule mwaka wa ajali, mimi niliona mkono wake. Niliona na nikanyamaza."

"Najua," alisema.

"Uliniambia nini moyoni mwako miaka hii yote?"

Aliweka kikombe chini. "Sikia. Kabla akuje kwako, alienda kwa ule mzee wa Gatina. Wekesa. Mzee akaangalia pikipiki, akasema haina kitu. Halafu akampatia vidole vyake, akamwambia abane. Okeyo akabana. Mzee akamwambia, hii si klachi, kijana, enda hospitali leo, na mimi sitakugusia hiyo pikipiki mpaka uende. Alirudi hapa amekasirika sana. Kesho yake akauliza watu kama kuna fundi mwingine. Wakamwambia kuna msichana anatafuta kazi."

Chai ilikuwa imepoa mikononi mwangu. Nilimwona Wekesa na kikapu chake cha mboga, akitikisa kichwa, na mimi na Mama Njoki tukicheka upande wa pili wa gunia. Alikufa kabla ya mwaka elfu mbili na sikwenda kumzika.

"Hakukuchukia hata siku moja," Achieng' alisema. "Alikuwa anasema, nyar Kamba hakuniuliza chochote."

Ibada ni kesho kutwa. Nimepewa nafasi baada ya kwaya. Nitasimama niseme jina langu, niseme kwamba mimi ndiye fundi ambaye Okeyo alipita wengine wote ili amchague. Nimelisema hilo kwa watu wengi na ni kweli. Safari hii nitalazimika kuwaambia pia ni kwa nini alinichagua, nikiwa na kile kitanzi mfukoni, kwa sababu bado ninacho.